Mapigo Saba Kwenye Mlango wa Abiria

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha mnadani, nimeinua kibao changu juu mpaka kwapa linauma, na gari bovu likawa langu. Kwa aliyechelewa nitarudia kwa ufupi, maana aibu ya leo ni kubwa kuliko ya wiki ile na nataka niitue mapema.

Mimi ni fundi viti. Nashona viti vya magari, bitana za milango na vitambaa vya paa la ndani. Mke wangu, Mama Pacha, ni fundi rangi kwenye gereji kubwa iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu. Na kwenye gereji hiyo yuko fundi bodi mmoja, mnyoosha mabati, wanamwita Magamba.

Jina hilo alipewa na kazi yake. Ukifungua bitana ya mlango alioutengeneza na kuchungulia bati kwa ndani, utakuta alama za nyundo yake zimejipanga safu kwa safu kama magamba ya samaki. Hakuna mwingine anayepiga hivyo. Mimi ndiye ninayefunga bitana juu ya kazi za mafundi karibu wote wa hapa kwetu, kwa hiyo mkono wa kila mmoja naujua kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake.

Sasa sikieni wivu wangu ulikoanzia. Fundi bodi akimaliza bati, fundi rangi hufumba macho na kupitisha kiganja juu yake, anatafuta mawimbi ambayo jicho haliyaoni. Huu ni mwaka wa pili mke wangu anafumba macho mbele ya Magamba kila siku ya kazi, anapapasa alichokifanya, halafu anasema, "Safi."

Mimi nashona nyumbani mpaka sindano inanitoboa, na sijawahi kuambiwa safi. Naambiwa, "Umemaliza? Ondoa vitambaa mezani, watoto wale."

Ndiyo roho niliyokwenda nayo mnadani. Kampuni moja ya bima ilikuwa inauza magari yaliyopata ajali. Uwanja mzima mabati yaliyokunjana, namba zimeandikwa kwa chaki kwenye vioo, unaruhusiwa kuangalia lakini si kuwasha injini. Nilikwenda kutafuta viti tu, kwa sababu gari likigongwa mbele, viti vya nyuma mara nyingi huwa vizima. Nikamkuta Magamba amechuchumaa kando ya gari namba arobaini na saba, dogo la kijivu, limebonyea ubavu wa kushoto. Alikuwa anaupapasa mlango wa abiria taratibu, anatabasamu peke yake.

"Shemeji," akaniita. "Na wewe umekuja?"

"Kwani nimekatazwa?"

"Hujakatazwa. Ila hili nalitaka, usije ukaniharibia."

Angenyamaza ningenunua viti vyangu nikarudi nyumbani. Dalali alipofika kwenye namba arobaini na saba, Magamba akainua kibao, nami nikainua. Akainua, nikainua. Watu wakaanza kutugeukia. Mwisho akanitazama, akatingisha kichwa, akacheka kidogo na kushusha kibao chake. Nililichukua lile cheko kuwa la dharau, na nikaapa nitalitengeneza lile gari kwa mikono yangu, bati kwa bati, mpaka alijutie.

Nikalivuta hadi nyumbani. Mama Pacha alitoka mlangoni akalitazama kwa muda mrefu.

"Hili?" akauliza.

"Ndilo. Nitalitengeneza mwenyewe. Viti, bodi, kila kitu."

"Mnadani ulishindana na nani?"

"Na mtu mmoja tu."

Akajifunika mdomo kwa kiganja kama mtu anayezuia chafya, akaingia ndani haraka. Sikuelewa, na sikutaka kuuliza.

Injini ilikuwa nzima. Kioo na taa nilizipata kwa wauza spea za mtumba. Viti nilivishona upya kwa wiki mbili, vikatoka viti ambavyo hata mwenye kiwanda angevikalia kwa heshima. Kilichonishinda ni ule mlango wa abiria.

Bati lina tabia ambayo kitambaa hakina. Kitambaa ukikosea unafumua, unaanza upya. Bati ukilipiga sana linatanuka, na likishatanuka halina pa kwenda. Ukilibonyeza hapa linatokeza pale, tena kwa mlio, kama mfuniko wa kopo la biskuti. Mapacha walifurahi kupita kiasi. Wakitoka shule walikuwa wanabonyeza kwa zamu, huyu ndani, yule nje, mpaka nikaufunga ule mlango kwa kamba.

"Nimwite Magamba akuoneshe?" akaniuliza Mama Pacha. "Saa moja tu."

"Magamba hakanyagi hapa."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

"Hakanyagi hapa, Mama Pacha."

Akaniangalia kwa ile subira yake inayoniudhi kuliko matusi. "Haya, baba. Gari ni lako."

Ijumaa iliyofuata nikatoka alfajiri kwenda mji wa jirani kununua ngozi ya bandia ya kumalizia bitana. Nilirudi saa nane mchana. Uani kumetulia, gari limefunikwa turubai lake. Nikasikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta, kikatokeza kichwa cha jirani.

"Leo umefanya kazi, jirani. Nyundo imelia hapa tangu asubuhi. Tena si ile ya kila siku. Hii ya leo ilikuwa na adabu."

"Mimi nimetoka alfajiri," nikamwambia. "Ndiyo kwanza naingia."

Jirani akaangalia juu, akaangalia pembeni. "Basi labda ilikuwa nyumba nyingine," akasema, na kichwa kikazama kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake.

Nikafunua turubai. Mlango ulikuwa umenyooka.

Nikaubonyeza kwa dole gumba. Kimya. Nikabonyeza pale kwenye wimbi lililonitesa wiki nzima. Kimya. Nikachomoa vibanio vya bitana kimoja kimoja, vinane vyote, nikaingiza kichwa na kuchungulia bati kwa ndani.

Magamba. Safu kwa safu, toka bawabani mpaka kwenye kitasa.

Nitasema ukweli, kwa sababu ukweli ndio ulionileta kwenye gazeti hili. Sikufurahi kwamba mlango umepona. Nilichokiona ni mwanamume amepiga magoti kwenye uwanja wangu, chini ya kamba yangu ya kuanikia nguo, na mke wangu amesimama kando yake, amefumba macho, kiganja kinapita juu ya bati, anasema lile neno lake. Nilimkataza asikanyage. Wakasubiri nipande basi.

Damu ilinipanda. Iliyokuwa karibu ni nyundo yangu ya misumari ya viti, ndogo, kichwa chake cha pembe nne hakizidi ukucha wa dole gumba. Nikarudi mbele ya mlango nikapiga. Nikapiga tena. Kila pigo nilikuwa nalielekeza pale palipokuwa pazuri zaidi. Yalikuwa mapigo saba, niliyahesabu, na ningefika kumi kama jasho lisingenitelezesha mpini. Nyundo ikaanguka, ikaserereka chini ya gari.

Sikuifuata. Nilirudisha turubai, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba na kujaribu kupumua kama watu wengine.

Haikupita nusu saa Mama Pacha akaingia na kopo la rangi mkononi. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikuwa nataka nianze na, "Alikuwepo nani hapa?" Lakini alikuja anacheka kabla hata hajaniona.

"Umerudi mapema. Afadhali. Usinyanyuke, nina maneno."

Akakaa kando yangu, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tunakaa zamani kabla ya mapacha. Akafungua kiganja chake cha kulia akakiweka juu ya goti langu. Kilikuwa kimejaa malengelenge, mawili yamepasuka.

"Unaona? Rangi haimfanyi mtu hivi."

"Miezi minane sasa najifunza bodi," akasema. "Magamba ananifundisha muda wa chakula cha mchana. Nilikuficha, na nakuomba radhi, lakini wewe ukisikia jina lake tu unavimba kama unga wa mandazi. Nilitaka nijue kwanza kama nitaweza. Nimechoka kufanyia watu kazi, baba. Mimi nipige bodi na rangi, wewe viti. Gari liingie hapa kopo, litoke gari."

"Na hili gari," akaendelea, sasa anacheka waziwazi, "mimi ndiye niliyemtuma Magamba mnadani. Kwa akiba yangu. Nilitaka nikushtukize. Akarudi ameshika mbavu, anasema, 'Mumeo amekushinda. Nilitaka nimwambie, nikaona ninaharibu siri yako, nikashusha kibao. Gari linakwenda nyumba ileile.'"

Basi lile cheko lilikuwa hilo. Nilisimama mnadani mbele ya watu nikalipandishia bei gari la nyumbani kwangu mwenyewe.

"Mama Pacha," nikaanza.

"Ngoja, bado. Kuna mama mmoja ana magari kumi ya kubeba wanafunzi, yote yamebonyea. Anakuja kesho saa tatu asubuhi kuliangalia hili. Amesema, 'Nikiona mmelitengeneza nyinyi wenyewe na limenyooka, nawaletea yote.' Ulikuwa umebaki mlango. Kwa hiyo leo nimeomba ruhusa kazini, ulipofika tu kituoni mimi nimeshika nyundo. Nimeupiga mwenyewe. Magamba hajui hata kama nimeanza. Ni mlango wangu wa kwanza peke yangu, toka mwanzo mpaka mwisho."

Akasimama, akanivuta mkono. "Njoo uone."

"Tule kwanza," nikasema.

"Chakula hakikimbii."

"Jua kali hili. Ngoja lipungue."

"Wewe leo vipi? Njoo."

Alilishika turubai, na kabla hajalivuta akafumba macho. Alitaka mkono uone kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili, na kama ardhi ingenipa nafasi ningeingia.

Akalivuta, na kiganja kikaanzia bawabani, kikaja taratibu. Alikuwa anatabasamu. Kikafika kwenye shimo la kwanza, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyekosea njia, kikaja tena. Shimo la pili. La tatu. Hakufumbua macho. Aliyapitia yote saba, na lile tabasamu lilibaki usoni pake muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka.

"Nani amefanya hivi?" akauliza, bado macho yamefumbwa.

Hapa ndipo nilipopotea. Ningesema ni mimi, tungegombana, tungelia, pengine usiku tungekaa wote wawili kuupiga upya. Mdomo ukafunguka ukasema mengine.

"Magamba."

Akafumbua macho.

"Nilipokuwa naingia, nilimkuta anatoka getini," nikaongeza, kwa sababu uongo ukiwa mfupi naona kama utaanguka. "Hata hakunisalimu."

Mama Pacha alijifuta vumbi kwenye sketi, akafungua geti, akashika njia ya kwenda gereji. Alitembea kwa mwendo wa kawaida kabisa, na huo ndio ulionitisha.

Mkitaka lililo baya kuliko uongo wangu, nitawapa. Nilipobaki peke yangu nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni, hata kama nimevunja mlango, angalau leo Magamba amekwisha. Hatamfumbia macho tena. Nilifurahi kiasi cha kusahau kabisa kwamba nyundo yangu bado iko chini ya gari.

Walirudi pamoja, yeye mbele, Magamba nyuma na ovaroli yake ya buluu.

"Shemeji," akanisalimu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango. Hakupapasa kwa kiganja kama mke wangu. Aliingiza kidole kimoja kwenye shimo, akakizungusha kingoni, akahamia lingine. Halafu akanitazama mikono. Akachuchumaa, akainama kuchungulia chini ya gari kama anayetafuta kama kuna kingine kilichoharibika, akakaa huko kidogo. Aliposimama alijipangusa magoti bila haraka.

"Nakuuliza mbele yake," akasema Mama Pacha. "Mume wangu anasema amekuona unatoka hapa. Mwambie amekosea."

Nilikunja ngumi. Nilijua atakalosema, na nilikuwa tayari kuapa kwa vichwa vya wanangu kwamba anadanganya.

"Hajakosea," akasema Magamba. "Ni mimi."

Nilidhani masikio yangu yamenichezea.

"Wewe?" akauliza mke wangu.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Magamba akaangalia chini. "Wivu. Nimekufundisha mkono wangu, halafu unaondoka nao. Nilipita kukujulia hali, nikakuta mlango umekwisha, na nikaona umenipita. Nikashindwa kujizuia."

Niseme nini? Kila neno lilikuwa langu. Nilikuwa na kitu kimoja tu mchana ule ambacho ni changu kweli, wivu wangu, na hata huo mtu huyu ameuchukua akauvaa, na ukamkaa vizuri kuliko mimi. Ningepaswa kushukuru. Badala yake wivu ukanirudia na mizigo yake yote. Mwanamume habebi dhambi ya mwenzake hivihivi. Hafanyi hivyo kwa ajili ya mwanafunzi. Anamfanyia nani? Ana nini na huyu mwanamke hata akubali kuchukiwa naye ili asinichukie mimi?

Nilimngoja Mama Pacha amfukuze. Badala yake alichuchumaa mbele ya mlango, akaweka ukucha wa dole gumba ndani ya shimo moja. Ukucha ukaenea kamili.

"Pembe nne," akasema, kama anayeongea na bati. "Nimekaa na mafundi bodi miaka sita. Hakuna mwenye nyundo ndogo namna hii."

Mke wangu hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wake nyuma kuelekea kwangu, ule wa malengelenge, kiganja kimeangalia juu.

"Baba Pacha. Niletee ile nyundo yako ya misumari ya viti."

Nilikwenda kwenye sanduku langu. Nilijua haimo, lakini nilipekua kwa kelele, mkasi huku, sindano huku, ili nisikike natafuta. Ndipo nikakumbuka ilipoangukia. Nikarudi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikalaza shavu chini na kuchungulia uvungu wa gari.

Kulikuwa na tone la oili na jani moja kavu. Nyundo haikuwepo.

Nilipoinua uso, macho yangu yalikuwa sawasawa na mfuko wa ovaroli ya Magamba. Mpini ulikuwa umechungulia, na uzi mwekundu niliouzungushia mwenyewe ili usiniteleze. Aliona kwamba nimeona. Akaweka kiganja juu ya mfuko, akakiacha hapo, akanitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa afanye nini.

Mkono wa mke wangu ulikuwa bado umenyooshwa.

"Umeiona?" akauliza.